Bibi aliniuliza: "Harusi hiyo ilifungwa lini?"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, nina miaka 34. Huu ni mwaka wa nne naandika riwaya usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari. Inamhusu bibi aliyemlea bibi yangu, ambaye nyumbani tunamwita Bibi Mkuu. Nimekwama, na si kwa kukosa maneno.

Bibi Mkuu alikuwa binti wa miaka kama 14 Kalenga, ngome ya Mkwawa, Mtwa (yaani chifu) wa Wahehe, ilipoangushwa na Wajerumani, Oktoba 30, 1894. Alichukuliwa pamoja na wanawake wengine, akaangukia kwa askari mmoja Mnubi, mtu wa Sudan, wa jeshi lao. Aliishi naye miaka 22 na kumzalia watoto wanne. Kitinda mimba ndiye mama yake bibi yangu. Mwaka 1916 Waingereza walipokaribia na Wajerumani wakahama Iringa, yule babu aliondoka nao. Alimwambia Bibi Mkuu wafuatane, Bibi Mkuu akasema hapana. Hakurudi tena.

Kwenye ukoo wetu hii ni hadithi ya mapenzi. Wazee wakikutana, ulanzi ukishazunguka, wanaisimulia hivi: Babu Mnubi alimwona binti kati ya mateka, moyo ukamwenda, akamwomba kwa mkubwa wake. Alipozaliwa mtoto wa kwanza akapeleka ng'ombe wawili kwa kaka yake Bibi Mkuu. Na Bibi Mkuu mwenyewe aliendelea kufunga Ramadhani mpaka anakufa, miaka arobaini baada ya mume kuondoka, ndani ya nyumba ya Walutheri watupu. Kama hayo si mapenzi, ni nini?

Basi nikaandika hivyo. Niliandika harusi pembeni ya Ruaha Mdogo, mwezi juu, askari akimnong'oneza binti maneno matamu. Mchapishaji mmoja nilimtumia sura za mwanzo, akazipenda.

Desemba nilimsomea Bibi. Anakaribia miaka 90, macho yamepungua lakini masikio ni makali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Harusi hiyo ilifungwa lini?" Nikababaika. Akasema, "Mimi sikuwahi kusikia harusi. Nilisikia alimzoea." Akageukia moto wake, hakusema tena.

Kuna sura niliyokuwa nimeiandika nikaitoa. Mwaka 1905 babu alikwenda Mahenge kwenye vita vya Maji Maji, na aliporudi alikuja na msichana wa Kipogoro, umri wake kama wa Bibi Mkuu siku ile ya Kalenga. Bibi Mkuu alimpokea, akamwogesha, akamfundisha kupika. Yule Mpogoro ndiye aliyefuatana na babu 1916, mzigo kichwani, na habari zake zikaishia hapo. Mchapishaji alisema sura hii itawafanya wasomaji wamchukie babu, na wasomaji wanataka mapenzi. Niliona ana hoja. Isitoshe, inaharibu mtiririko.

Baba mdogo naye amesikia kwamba nataka kutumia neno "mateka". Alinipigia simu kwa hasira: "Unataka ukoo wetu uitwe uzao wa mateka?" Tangu hapo hasemi nami.

Mambo mawili mengine, labda yatakusaidia. Juni 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudishwa Kalenga, Bibi Mkuu alitembea kwa miguu kwenda kuliona, na bibi yangu alikuwa naye. Alisimama mbali na watu, akalia mpaka kanga ikalowa. Na alipokuwa anakata roho alikuwa akiita jina ambalo wajukuu wengi hawakulijua. Bibi anasema lilikuwa la yule Mpogoro.

Shangazi, nina haki ya kuandika kwamba walipendana? Nikisema hawakupendana, sisi tumetokana na nini?

Kilembwe, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unaniuliza kuhusu mchapishaji, mara ya pili nikadhani ni ugomvi na baba yako mdogo. Mara ya tatu ndipo nilipoona kuwa Bibi alishakujibu Desemba, na jibu lake likakuumiza, ndiyo maana umekuja kwangu kutafuta lingine. Sina lingine. Ila naweza kukaa nawe katika lile alilokupa.

Alisema "alimzoea". Wewe mwalimu unajua uzito wa neno hili. Tunasema mtoto amezoea shule, ng'ombe amezoea zizi, mguu umezoea kiatu kilichokuwa kinabana. Hatusemi kiatu hakikubana. Tena tunasema mazoea yana tabu, maana ulichokizoea kikiondoka kinaacha pengo, hata kama kilikuja bila kukaribishwa. Bibi hakusema "alimpenda", na hakusema "alimchukia". Kati ya maneno yote ya Kiswahili alichagua hilo, akiwa amelala nyumba moja na Bibi Mkuu tangu utoto. Riwaya yako ingeanza kwa kuliheshimu neno hilo moja.

Sasa ile harusi ya Ruaha Mdogo. Iondoe. Siiondoi kwa ajili ya maadili tu, hata historia inaikataa. Gavana von Schele alipoivunja Kalenga hakukaa. Baada ya siku chache alishageuka kurudi kuelekea pwani na nyara zake, na mapema Novemba, njiani, Wahehe wakaushambulia msafara wake. Wajerumani hawakuwa na boma Iringa mpaka 1896, ofisa wao Tom von Prince alipokuja kujenga pale mji ulipo leo. Kwa hiyo kama Bibi Mkuu alichukuliwa siku ile, basi alitembezwa. Hapakuwa na mwezi wala maneno matamu. Kulikuwa na binti wa miaka 14 katikati ya msafara, na ndugu zake wakitokea porini na mikuki. Mwanangu, hebu simama hapo. Alijificha nyuma ya nani? Alitamani nani ashinde, na mkuki ungemkuta yeye? Kisha karibu miaka miwili ya ugenini, halafu anarudishwa kwao na jeshi lile lile, safari hii yuko upande wa wanaoingia. Sijui msomaji atakayeweza kuweka chini kitabu chenye sura hiyo.

Na yale maneno ya kunong'onezana, ni kwa lugha gani? Ndani ya Kalenga walikuwepo waliojua Kiswahili, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika kwa Mtwa. Lakini binti wa umri ule angekuwa na Kihehe chake tu, na askari Mnubi alikuwa na Kiarabu cha jeshini na Kiswahili cha kuokoteza. Maneno yake ya kwanza ya Kiswahili hayakuwa "mpenzi". Yalikuwa njoo, lete, beba, kaa. Wewe unafundisha, kwa hiyo andika jinsi alivyojifunza lugha, neno kwa neno, na siku alipopata neno la kwanza la kumkatalia. Siku hiyo ina thamani kuliko harusi kumi.

Nitataja haraka vitu vidogo nilivyoviona katika kurasa ulizoniambatishia. Babu hawezi kulipwa shilingi 1898. Enzi ya Mjerumani ilikuwa rupia, shilingi ilikuja na Mwingereza. Bibi Mkuu hawezi kupita kwenye misitu ya misindano akielekea Mufindi wala kunywa chai ya huko, vyote vilipandwa baadaye sana. Wewe umekulia kwenye harufu ya misindano ndiyo maana hukuona.

Nirudi kwenye jambo zito. Kati ya 1896 na 1898 Bibi Mkuu aliishi na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumsaka Mkwawa. Vihenge vilichomwa ili watu wasiweze kumlisha Mtwa, na njaa ikawala wasiohusika. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe, wakimtuhumu kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri. Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Fikiria jioni ya nyumba ile: mwanamume anarudi kutoka doria, anavua mkanda wa risasi, mwanamke anampa maji ya kunawa. Anajua ametoka wapi. Kaka yake yuko huko huko. Je, alimwuliza? Je, alikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa cha hofu, au cha kumlinda kaka, au cha kumlinda mume? Unatafuta mapenzi chini ya dhuluma, basi ndiyo hapo yanapochunguzwa, kwenye beseni la maji ya kunawa. Julai 19, 1898, Mkwawa alijiua Mlambalasi, wakakata kichwa chake na kukipeleka Ujerumani. Askari walisherehekea, bila shaka. Bibi Mkuu alipika siku hiyo?

Sasa ng'ombe wawili. Wazee wanawataja kama mahari, na natamani wawe mahari. Lakini uliza kitu kimoja: walikuwa ng'ombe wa nani? Jeshi liliteka ng'ombe wengi wa Wahehe katika miaka ile. Inawezekana kaka yake alipokea mahari ya dada yake kutoka zizi la jirani yake, au la baba yake mwenyewe. Na mtu mwenye bunduki akileta ng'ombe mlangoni, nani humrudisha? Hata hivyo sitaki uwafute. Mtu ambaye hakulazimika kulipa kitu alilipa. Huenda ni Bibi Mkuu aliyemshikilia mpaka akalipa, ili watoto wake wasiitwe wa njiani. Kama Bibi analijua hilo, mwulize.

Usimgeuze babu kuwa shetani pia. Wanubi wa kwanza waliandikishwa Cairo mwaka 1889 na Hermann von Wissmann, ofisa wa Kijerumani. Walikuwa wanajeshi wa zamani wa Misri, waliopoteza vita vya Sudan dhidi ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi huko, wamekaa mjini bila kazi. Wengine walikuwa wamechukuliwa utotoni kwenda jeshini, wao nao bila kuulizwa. Sikuambii haya ili umsamehe. Nakuambia ili ajulikane ni mtu, kwa sababu Bibi Mkuu hakuishi miaka 22 na jini. Kuna siku walicheka. Kuna mtoto aliugua wakakesha wote wawili. Ziandike siku hizo bila kuona haya, ila zisitumike kulipia ile ya kwanza.

Halafu sura ya Mpogoro.

Mwanangu, hiyo ndiyo riwaya. Umeitoa katikati ya kitabu kama mtu anayetoa moyo ili mwili uwe mwepesi. Tazama ulichoniandikia mwenyewe. Mwanamke aliyetekwa akiwa na miaka kama 14 anafunguliwa mlango miaka 11 baadaye, na mlangoni anasimama yeye mwenyewe tena: umri ule ule, vumbi lile lile, hana lugha. Mume aliyemzoea ndiye aliyemleta. Kikosi cha Iringa kilikwenda kuliokoa boma la Mahenge, kikarudi na wasichana kama kilivyorudi kutoka Kalenga. Angeweza kumwonea wivu, angeweza kumtesa, wake wakubwa wengi walifanya hivyo. Bibi Mkuu alichemsha maji akamwogesha. Wewe umeandika neno "akamwogesha" na ukapita. Mimi nilishindwa kupita. Alijuaje kwamba kitu cha kwanza anachohitaji msichana yule ni maji? Nadhani alijua kwa sababu yeye hakuna aliyemwogesha.

Na katika siku zake za mwisho, jina alilokuwa akiita halikuwa la mume.

Umenipa habari hiyo mwishoni kabisa, kwa kichwa cha "labda yatakusaidia". Ukoo mzima umekaa miaka yote hii ukitafuta mapenzi kati ya Bibi Mkuu na Babu Mnubi, na mwenyewe alisema kwa mdomo wake nani alimpenda. Walikaa nyumba moja miaka 11. Babu alikuwa mtu wa safari, kwa hiyo miezi mingi walikuwa wawili tu na watoto, usiku wa baridi ya Iringa, moto mmoja. Mchapishaji wako hakukosea kusema wasomaji wanataka mapenzi. Mapenzi yapo, alikuwa anayatafuta pasipo. Mrudishie sura hiyo ikiwa ya katikati, si ya kuazima. Akikataa, kitabu kingoje. Kimengoja tangu 1894.

Kuhusu 1916. Hilo "hapana" lako umeliandika kwa maneno manne. Agosti ile wake za askari wengi walifuata jeshi, na kufuata kulikuwa desturi na usalama. Kwa mara ya kwanza katika habari ulizonipa, mtu anamwuliza Bibi Mkuu anataka nini, naye anajibu. Lakini Mpogoro akaenda. Aliulizwa? Au hakuulizwa kwa sababu alikuwa mdogo? Nani aliyebaki na kidonda kikubwa zaidi, aliyekwenda au aliyesema hapana akabaki? Nahisi jina lile alilokuwa akiita lina uhusiano na siku hiyo.

Baba yako mdogo usimjibu kwa simu. Nenda kwake na sukari, umsalimie, umpe kurasa asome. Anaogopa aibu, na aibu hiyo si yake kubeba. Ukipata nafasi mkumbushe kwa upole kwamba Wahehe wenyewe, enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, na za Mkwawa mwenyewe, waliteka wanawake wa Wasangu na Wabena, na wajukuu zao leo wanaitwa Wahehe bila mtu kuwanyooshea kidole. Inawezekana mama yake Bibi Mkuu alikuwa mmoja wao. Badilisha majina, badilisha kijiji, ukoo ulindwe. Neno "mateka" usilibadilishe.

Umeniuliza mmetokana na nini. Mmetokana na mwanamke aliyefunga Ramadhani ya mtu aliyemteka na akamlilia Mkwawa Kalenga, miaka yote hiyo bila kuona kuwa anapaswa kuchagua. Usimlazimishe kuchagua kwenye kitabu chako. Ile Ramadhani usiieleze. Mwonyeshe tu anaamka alfajiri, anakula viporo gizani peke yake, wajukuu wamelala.

Mwezi huu nenda ukakae na Bibi, bila kurasa na bila simu ya kurekodi kwanza. Ongea naye Kihehe hata kama chako ni cha kuvunjika. Usimwulize kama walipendana, ameshachoka na swali hilo. Mwulize asubuhi ile ya 1916, yule Mpogoro alipoondoka na mzigo kichwani, kama aliwahi kuambiwa ni nani aliyemtwisha.

Shangazi yako